Moto na nchi: alama za ndani za yakuti samawi zinathibitisha nini?

Mambo mawili hupandisha bei ya yakuti samawi kuliko uzito wake: kauli kwamba jiwe halijachomwa, na jina la nchi lilikotoka. Oktoba 2015, jiwe moja la Kashmir lenye karati 27.68 liliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini Hong Kong kwa takriban dola milioni 6.7 za Marekani. Jiwe la ukubwa huohuo na buluu ya kukaribiana nayo, lakini la Madagascar na lililopitia tanuri, lingepata sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Kwa tofauti kama hiyo, kila mtu katika mnyororo wa biashara, kuanzia mchimbaji mdogo wa Tunduru hadi sonara wa Dubai, ana sababu ya kutaka majibu. Tatizo ni kwamba majibu yanagongana. Jiwe lilelile huweza kupewa cheti kimoja kinachotaja Sri Lanka na kingine kinachotaja Madagascar. Mnunuzi husoma maneno "hakuna dalili za kuchomwa" akayaelewa kama "halikuchomwa", ilhali hizo ni kauli mbili tofauti. Dalali naye hutazama kwa lenzi ya mkononi, akaona nyuzi mbili tatu ndani ya jiwe, akatangaza kwa uhakika kwamba ni la asili fulani na kwamba moto haujaligusa.

Anachokitazama dalali huyo ni vijiwe, nyuzi, vimiminika na nyufa zilizopona ambavyo jiwe lilivifunga lilipokuwa likikua. Sokoni huitwa uchafu. Kwa mtaalamu wa vito huo ndio ushahidi, tena mara nyingi ndio pekee uliobaki baada ya jiwe kuhama mikono na kukatwa. Ila ushahidi huo hauna nguvu sawa kwa maswali yote mawili. Kuhusu moto unasema mengi na kwa uhakika mkubwa. Kuhusu nchi unasema machache kuliko bei za soko zinavyodai.

Namna alama zinavyoingia

Yakuti samawi ni korundumu, yaani alumini na oksijeni zilizojipanga kwa mpangilio mmoja. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Buluu hutokana na chembe chache sana za chuma na titani zinazokaa jirani ndani ya mpangilio huo. Korundumu yenye kromiamu ya kutosha huwa rubi, na yenye michanganyiko mingine hutoa manjano, waridi, zambarau na kijani. Bonde la mto Umba mkoani Tanga limejulikana tangu miaka ya 1960 kwa kutoa karibu rangi zote hizo, pamoja na mawe yanayobadilika rangi kati ya mwanga wa mchana na mwanga wa taa.

Alama za ndani ziko za aina tatu. Kuna zile zilizokuwepo kabla ya jiwe: vijiwe vya zirkoni, mika, apatiti au grafiti ambavyo korundumu ilivimeza ilipokuwa ikikua. Kuna zilizoingia pamoja nalo, kama matone ya kimiminika yaliyonaswa kwenye mashimo madogo. Na kuna zilizojitokeza baadaye, jiwe lilipokuwa likipoa chini ya ardhi. Kundi hili la tatu ndilo lenye hariri, jina ambalo watu wa vito wameupa mtandao wa sindano nyembamba za rutili.

Hariri inastahili kutazamwa kwa karibu. Jiwe likiwa na joto kali, titani huenea ndani yake bila tatizo. Joto linaposhuka polepole kwa muda mrefu, korundumu haiwezi tena kuibeba titani yote, nayo inajitenga na kuwa sindano za rutili zinazofuata mielekeo mitatu inayokatana kwa nyuzi 60. Chini ya hadubini, mwanga ukipitishwa kutoka ubavuni, sindano hizo humetameta rangi za upinde wa mvua, nyingine zikiwa fupi na bapa, nyingine ndefu hadi kutoka upande mmoja wa jiwe kwenda mwingine. Zikiwa nyingi mno jiwe linakuwa na ukungu, na likikatwa kwa umbo la kuba hutoa nyota yenye miale sita. Zikiwa chache na laini hutawanya mwanga na kuipa buluu ule ulaini ambao wanunuzi wa mawe ya Kashmir na Sri Lanka hulipia.

Moto unavyojiandika

Kuchoma yakuti si jambo geni. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, tayari aliandika kuhusu kuchomwa kwa yakuti nyekundu. Kilichogeuza biashara nzima ni kilichotokea katika miaka ya 1970, wafanyabiashara wa Thailand walipoanza kununua kwa bei ya chini mawe meupe yenye ukungu ya Sri Lanka yaitwayo geuda. Waliyaingiza kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,600 na zaidi, yakatoka yakiwa na buluu safi. Sababu ni ileile hariri. Katika joto hilo rutili huyeyukia tena ndani ya korundumu, titani inakutana na chuma, na rangi inazaliwa. Jiwe likipozwa haraka, sindano hazipati muda wa kujitengeneza upya.

Ndiyo maana hariri nzima, yenye sindano ndefu zisizokatika na ncha kali, ni ushahidi mzito kwamba jiwe halikupata joto kali la tanuri. Katika jiwe lililochomwa sana, pale palipokuwa na sindano moja inabaki mistari ya nukta, kama shanga zilizokatika uzi lakini bado zimelala kwenye mstari wake. Mara nyingine ukungu wa buluu huonekana kuzunguka nukta hizo, mahali titani iliposambaa bila kufika mbali. Mtu mwenye hadubini nzuri na mazoezi ya kutosha hahitaji mashine ya mamilioni kuliona hilo.

Matone ya kimiminika nayo ni mashahidi wazuri. Mawe mengi ya Sri Lanka, na baadhi ya Madagascar na Tanzania, yana vishimo vidogo vilivyojaa kaboni dayoksaidi, vikiwa na kiputo cha gesi kinachoelea ndani ya kimiminika. Kaboni dayoksaidi hufikia kikomo chake katika nyuzi 31 hivi. Joto dogo la taa ya hadubini likilifikia jiwe, kiputo hupotea mbele ya macho, na jiwe likipoa kinarudi. Kishimo kama hicho kingeingizwa kwenye tanuri, shinikizo lingekipasua. Kikiwa kizima, jiwe halikuchomwa kwa joto kubwa, na hapo mjadala hauna urefu.

Zirkoni pia hujisaliti. Katika joto la juu sana huvunjika ndani kwa ndani, ikawa na sura nyeupe isiyopenyeka vizuri, na mara nyingi huzungukwa na ufa wa duara unaong'aa. Lakini hapa tahadhari inaanza. Zirkoni yenye urani nyingi huweza kuzungukwa na nyufa bila moto wa binadamu, kwa sababu ya mionzi yake yenyewe katika mamilioni ya miaka. Yakuti zilizobebwa juu na volkano za basalti, kama za Australia, Chanthaburi nchini Thailand na Cyangugu nchini Rwanda, ziliwahi kupata joto la asili linaloweza kuacha alama zinazofanana na za tanuri. Ufa wa duara peke yake, kwa hiyo, hautoshi kumhukumu muuzaji.

Moto mdogo, beriliamu na kioo

Nguvu ya ushahidi wa hariri inaishia pale joto linapokuwa la wastani. Mawe ya waridi na zambarau, hasa ya Madagascar, mara nyingi huchomwa chini ya nyuzi 1,000 ili kuondoa kivuli cha buluu. Katika joto hilo rutili haiyeyuki. Sindano hubaki nzima, na mtaalamu asiye mwangalifu ataandika kwamba jiwe ni la asili bila mguso.

Dalili zilizobaki ni ndogo. Madoa ya manjano ya goethaiti kwenye nyufa hubadilika kuwa hematiti nyekundu hata katika joto la nyuzi 300 hivi, kwa hiyo madoa ya manjano ambayo hayajabadilika ni habari njema kwa mnunuzi. Kipimo cha mwanga wa infraredi, na kile cha Raman kinachopima zirkoni, huongeza uzito. Hata hivyo kuna mawe ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyatolea kauli ya mwisho, na maabara ya kweli inakiri hivyo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwanzoni mwa mwaka 2002, na linaihusu Tanzania moja kwa moja. Soko lilikuwa limefurika mawe ya rangi ya machungwa iliyochanganyika na waridi, rangi ambayo kwa kawaida ni adimu na ghali. Uchunguzi ulionesha kwamba mawe hayo, miongoni mwake yaliyochimbwa Songea na Madagascar, yalichomwa Thailand kwa joto la karibu nyuzi 1,800 pamoja na madini yenye beriliamu. Elementi hiyo ni nyepesi na ndogo kiasi cha kupenya hadi katikati ya jiwe. Vipimo vya kawaida vya kikemia havikuweza kuiona. Ilibidi kutumia mashine zinazochoma tundu dogo la leza na kupima chembe kwa sehemu za milioni. Hapo alama za ndani zilitoa tahadhari tu: zirkoni zilizoharibika vibaya na vijiwe vilivyoyeyuka vilionesha moto mkali usio wa kawaida, lakini havikuweza kutaja beriliamu. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya anayeamini kwamba jicho na hadubini vinatosha.

Kioo, kwa upande mwingine, hujitangaza. Nyufa zilizojazwa kioo chenye risasi, na tangu mwaka 2012 hata kioo chenye kobalti cha kuleta buluu, huonesha viputo bapa vya gesi na mimweko ya rangi jiwe linapozungushwa. Hili linamgusa mvaaji kuliko jambo lolote lililotajwa hapa, maana kioo cha risasi huharibiwa na maji ya limau na kinaweza kuharibika mara moja chini ya moto wa sonara anayerekebisha pete.

Mawe ya kutengenezwa hayahitaji maneno mengi. Tangu Auguste Verneuil alipotangaza njia yake mwaka 1902, korundumu ya kiwandani imejulikana kwa mistari ya ukuaji iliyopinda na viputo vya duara. Korundumu ya asili hukua kwa mistari iliyonyooka yenye pembe. Ila wapo wanaolipasua jiwe la kiwandani kwa kulichoma na kulipoza ghafla, kisha kuziponesha nyufa hizo ili zifanane na zile za asili zinazoitwa alama za vidole. Asiyeangalia mistari ya ukuaji hunaswa.

Nchi: mpaka ambao jiwe haliujui

Kuhusu asili, watu wengi hudhani kila nchi ina alama zake. Wazo hilo lina msingi wa heshima. Eduard Gübelin wa Uswisi alitumia karibu maisha yake yote kukusanya na kupiga picha vilivyomo ndani ya vito, na kitabu alichoandika na John Koivula mwaka 1986 bado ni rejea ya maabara. Katika enzi yake migodi mikubwa ilikuwa michache: Kashmir, Mogok ya Burma, Sri Lanka, Thailand na Australia. Kuzitenganisha kwa alama za ndani kuliwezekana kwa kiasi kikubwa.

Kisha ikaja Afrika Mashariki na Madagascar. Umba ilifuatiwa na Songea na Tunduru katika miaka ya 1990, Ilakaka ya Madagascar mwaka 1998, na Winza wilayani Mpwapwa kati ya 2007 na 2008. Mawe ya kusini mwa Tanzania na ya Ilakaka yalipofika kwenye maabara yalikuwa na hariri, zirkoni na matone yanayofanana sana na ya Sri Lanka.

Sababu ni ya kijiolojia. Miaka milioni 500 hadi 650 iliyopita, Tanzania, Kenya, Msumbiji, Madagascar, kusini mwa India na Sri Lanka zilikuwa upande kwa upande ndani ya bara moja kubwa la Gondwana, na milima mikubwa ilikuwa ikijengeka katikati yake. Korundumu nyingi za ukanda huo ziliumbika ndani ya mizizi ya milima hiyo, katika joto, shinikizo na miamba ya kukaribiana. Bara likagawanyika baadaye sana. Mito kama Muhuwesi wa Tunduru inachambua mabaki ya mfumo uleule unaochambuliwa na mito ya Ratnapura nchini Sri Lanka. Kudai kwamba kila jiwe la ukanda huo lionyeshe nchi lilikotoka ni kulidai jiwe lijue mpaka uliochorwa jana.

Alama za ndani zinaweza kutenganisha familia za kijiolojia, na hilo si jambo dogo. Vijiwe vyekundu vya pirokloro pamoja na chuma kingi huelekeza kwenye mawe ya basalti. Kashmir ina chembe ndogo mno zinazotoa ulaini wa mahameli, na wakati mwingine vijiwe vya tourmalini au pargasaiti. Hata umri husaidia: zirkoni hubeba urani inayogeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, na umri wake ukipimwa unaweza kutenganisha jiwe la milima michanga ya Himalaya na lile la Gondwana. Lakini umri huohuo hausaidii sana kati ya Sri Lanka na Madagascar, na pale ndipo mabishano mengi yalipo.

Yapo pia mawe machache yenye saini yake yenyewe. Mawe ya Winza, mengi yakiwa rubi na yakuti za waridi, huonesha mirija myembamba iliyopinda, mara nyingi yenye rangi ya machungwa, isiyotarajiwa kwingine. Ni fahari kwa Tanzania kwamba moja ya alama za ndani zinazotambulika haraka zaidi duniani imetoka Mpwapwa.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza ni wa wanaoshikilia hadubini. Nguvu yake ni kwamba haiharibu jiwe, haina gharama kubwa, na katika suala la moto mkali jibu lake ni imara. Udhaifu wake ni kwamba unategemea jicho la mtu na kumbukumbu zake. Zaidi, unashindwa pale ambapo fedha ni nyingi zaidi: jiwe safi kabisa, lisilo na nyuzi wala vijiwe, halina shahidi. Soko linalolipia usafi linajinyima ushahidi, na mkataji anayeondoa kona yenye hariri ili kupata jiwe safi anaondoa pia uthibitisho ambao ungeongeza thamani yake. Mkataji wa Arusha mwenye jiwe ambalo halijachomwa angefanya vyema kulifikiria hili kabla ya kugusa gurudumu.

Msimamo wa pili unaweka imani kwenye kemia. Mashine hupima chuma, galiamu, magnesiamu na elementi nyingine, kisha hulinganisha na mkusanyo wa mawe yenye asili inayojulikana. Bila njia hii beriliamu isingekamatwa. Lakini mashine hailinganishi jiwe na dunia nzima. Hulinganisha na mawe yaliyomo kwenye kabati la maabara. Ikiwa mawe ya Tunduru kabatini ni machache, au yalinunuliwa sokoni na si mgodini, jibu litayumba kuelekea nchi yenye sampuli nyingi. Na mafungu ya kemikali ya nchi za Gondwana yanaingiliana kama zinavyoingiliana alama zake za ndani.

Msimamo wa tatu unasema suala la nchi liachwe kabisa, watu wanunue uzuri. Una mvuto wa haki, kwa sababu jiwe zuri la Songea halipaswi kuwa nafuu kwa sababu ya jina tu. Ila hauzingatii kwamba asili ina maana nje ya ufahari. Mnunuzi ana haki ya kujua kama jiwe limetoka eneo la vita, na mwanakijiji wa Umba ana haki ya jina la mahali pake kuthaminiwa. Kufuta asili kungeacha Kashmir na Sri Lanka zikiwa na sifa zilizokwisha kujengeka, na kuzinyima sehemu mpya nafasi ya kujenga zao.

Upi ubebe uzito

Kwa moto, hadubini iwe ya kwanza. Ikikuta hariri nzima au tone la kaboni dayoksaidi lisilopasuka, kauli ya "halikupata joto kubwa" inastahili bei yake. Isipokuta kitu, au jiwe likiwa la rangi ya machungwa, manjano au waridi, vipimo vya kemia na infraredi si anasa, na muuzaji asiyetaka kuvigharamia auze kwa bei ya jiwe lililochomwa. Kuchomwa kwenyewe si aibu. Rangi ya joto haififii, na sehemu kubwa ya yakuti zinazovaliwa duniani zimepita tanurini. Aibu ni kuficha.

Kwa nchi, cheti kisomwe kama maabara zenyewe zinavyokiandika: ni maoni ya kitaalamu. Maoni hayo ni mazito yanapotaja familia ya kijiolojia au saini adimu kama ya Winza, na mepesi yanapochagua kati ya Sri Lanka, Madagascar na Tanzania kwa jiwe safi. Maabara inayoandika kwamba asili haikubainika haijashindwa kazi. Inamtendea mnunuzi haki kuliko inayobahatisha jina linalouzika.

Kinachoweza kubadilisha hali kiko mwanzoni mwa safari ya jiwe, kabla halijafika chini ya hadubini yoyote. Tangu mwaka 2019 Tanzania ina masoko ya madini ambako mauzo huandikwa, na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha ukataji na utambuzi wa vito. Mawe machache ghafi kutoka kila mgodi, yakichukuliwa shimoni na kuandikiwa mahali na tarehe, yakapigwa picha za ndani kabla na baada ya kuchomwa, yangeipa nchi mkusanyo wake wa rejea na kuzipa maabara za nje sampuli za kuaminika. Kazi hiyo haihitaji mashine ya leza. Inahitaji hadubini, daftari, na mtu anayefika Muhuwesi na Umba kabla mawe hayajachanganywa mfukoni mwa dalali.